Kigoda cha Milansi na Akaunti Yako ya Free Fire: Historia Fupi ya Kuporwa Jina

Leo umbea wa mastaa tunauweka pembeni kidogo, tunapiga stori ya historia. Usikimbie, sio ile ya kukariri miaka kwa ajili ya mtihani. Hii inakuhusu wewe mwenye simu mkononi, bando linaloisha saa nne usiku na akaunti ya gemu uliyoihangaikia miaka mitatu.

Kila wiki lazima uone status ya mtu imeandikwa: "Jamani akaunti yangu imehakiwa, mtu akiwaomba hela sio mimi." Chini yake watu wanatoa pole kama kuna msiba. Na akiwa ni mtu wa Sumbawanga basi utani hauishi, maana mji wetu unajulikana. Wenyeji wanalifasiri jina lenyewe hivi: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Yaani ukifika hapa, uchawi wako tupa huko nje, utakuta wenye nao. Kwa hiyo mtu akiibiwa akaunti Sumbawanga, anaambiwa amerogwa mtandaoni.

Mimi nabisha. Nimesoma sana hii ishu, na nilichokiona ni kwamba akaunti nyingi hazivunjwi kwa utaalamu wowote wa ajabu. Zinakabidhiwa. Mwenyewe anaikabidhi, au mtu wake wa karibu anaikabidhi, tena kwa heshima zote. Na mfano mzuri kuliko wote upo hapahapa Ufipa, kabla hata ya umeme.

Wageni walioomba kigoda

Waliokulia huku huenda mmewasikia wazee wakiitaja Milansi. Katika simulizi za Wafipa, huko ndiko mwanzo wa kila kitu: mtu wa kwanza alishuka kutoka mbinguni, akaanzisha kijiji cha Milansi, na ukoo wake ukatawala nchi. Mtafiti Mwingereza, Roy Willis, alikuja Ufipa miaka ya 1960, akakaa na wazee na kuiandika simulizi hii. Inasimuliwa kwa namna zaidi ya moja, ila mfupa wake ni huu.

Siku moja mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Nyumbani akabaki mkewe. Mtawala alikuwa na wasiwasi kwamba wageni watakuja, akamwachia mkewe onyo kuhusu kigoda cha utawala: asimpe mtu. Kweli wageni wakaja, wanawake watatu kutoka mbali, watu wa ukoo ulioitwa Watwa. Hawakuja na jeshi wala kuchoma nyumba. Walifika, wakataka kukaa, na mke wa mtawala akawapa kigoda. Mtawala anarudi kutoka porini anakuta watu wamekalia kiti chake na wanasema nchi ni yao.

Sasa rudia hiyo stori taratibu ukiwa na akili ya gemu. Mwenye akaunti hayupo hewani. Kuna mtu mwingine amebaki na ufunguo. Anakuja mgeni anayeongea kwa kujiamini, anaomba kitu kimoja tu kidogo. Aliyebaki na ufunguo anatoa, labda kwa woga, labda kwa aibu ya kumnyima mgeni. Mchezo umeisha. Hakuna kufuli lililovunjwa. Matapeli wa leo wanaokupigia simu na kusema "mimi ni wa huduma kwa wateja, nitajie hizo namba sita zilizoingia kwenye simu yako" wanafanya kitu kilekile.

Watwa wakatawala. Baadaye nchi ikagawanyika kuwa falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na hilo jina la kwanza bado unaliona kwenye wilaya ya Nkasi. Lakini kuna kipande ambacho watu wengi wanakiruka, na mimi ndicho nakipenda zaidi. Yule mtawala wa zamani hakufutwa kabisa. Alibaki na Milansi yake na heshima yake ya kimila, kwa sababu kila mtu alijua kwamba yeye ndiye wa kwanza. Alikuwa na ushahidi wa chanzo. Hiki kipande kishike, tutakirudia kule mwisho.

Paswedi ya kwanza iliibiwa na mwanafunzi

Turuke mpaka Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye chuo cha MIT, kompyuta ilikuwa moja kubwa na watu wengi waliigombania. Timu ya Fernando Corbató ikatengeneza mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kuitumia kwa pamoja, na ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961. Shida ikawa: mafaili ya huyu yasionwe na yule, na kila mtu ana muda wake aliopangiwa. Dawa yake ikawa kila mtu apewe neno lake la siri. Hiyo inahesabiwa kuwa ndiyo paswedi ya kwanza ya kompyuta kama tunavyoijua.

Ilichukua muda gani kuibiwa? Mwaka 1962 tu. Mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, muda aliopangiwa haukumtosha kumaliza kazi zake za utafiti. Akagundua unaweza kuiomba kompyuta ichapishe faili lolote. Akaomba faili la paswedi, asubuhi akalichukua kwenye kabati la karatasi zilizochapishwa. Kisha akaanza kutumia muda wa wenzake. Alikuja kukiri miaka mingi baadaye, wakati hakuna tena wa kumfukuza chuo.

Halafu mwaka 1966 kwenye mfumo huohuo kulitokea vurugu ya mafaili mawili kubadilishana nafasi. Kila aliyeingia, badala ya kuona tangazo la siku, akaona orodha ya paswedi za watu wote. Hebu fikiria ufungue WhatsApp ukute namba za siri za mtaa mzima.

Somo la hapo ni dogo ila zito: hata walioibuni paswedi hawakuweza kuilinda peke yake. Ndiyo maana mbele nitakwambia usiiamini paswedi moja.

Jina linakuwa mali

Sasa jina la kwenye gemu limetoka wapi? Zamani kwenye mashine za gemu za madukani huko ughaibuni, ukipata pointi nyingi unaandika herufi tatu tu. Asteroids ya mwaka 1979 ilikuwa hivyo. Herufi tatu, na mtu anatembea mjini kama mfalme. Kabla yake kidogo, mwaka 1978, Roy Trubshaw na baadaye Richard Bartle kwenye Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza kutengeneza MUD, gemu la maandishi matupu ambalo watu wengi walicheza kwa pamoja kupitia kompyuta. Pale mhusika wako alibaki na jina lake, na ukirudi kesho unamkuta.

Mwaka 2002 Microsoft wakaleta Xbox Live, na kila mchezaji akapewa jina moja la kutumia kwenye magemu yote ya pale. Mwaka 2003 Valve wakaleta Steam kwa wa kompyuta. Kuanzia hapo jina likaacha kuwa mapambo. Jina likawa na historia, marafiki, silaha, nguo na hela ndani yake. Na kitu kikishakuwa na hela, mwizi naye anajiandikisha.

Mwezi Aprili 2011 mtandao wa PlayStation ulivamiwa. Sony wakauzima tarehe 20, na siku chache baadaye wakatangaza kwamba taarifa za akaunti kama milioni 77 zimeguswa. Watu duniani wakakaa zaidi ya wiki tatu bila kucheza mtandaoni. Huku kwetu wengi hatukusikia hata harufu, kwa sababu enzi hizo tulikuwa na PS2 za CD za kuchoma, unalipia mechi kwenye kibanda na akaunti yako ni zamu yako kwenye benchi. Mwezi Desemba 2015 Valve nao wakasema wazi kwamba kila mwezi akaunti kama 77,000 za Steam zinaporwa na kufilisiwa. Kila mwezi! Na walioporwa hawakuwa wazembe tu. Valve walisema hata wachezaji wa kulipwa na watu wanaojua sana mambo ya teknolojia wamo.

Yalivyotufikia huku juu

Ufipa ni uwanda wa juu, Ziwa Tanganyika upande mmoja na bonde la Ziwa Rukwa upande wa pili. Kila kitu kinapanda mlima kutufikia, mpaka intaneti. Mkonge wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na kabla ya hapo nchi ilitegemea sana satelaiti, bei yake ilikuwa ya kulia. Intaneti kafe ukiingia unaangalia saa kuliko unavyoangalia skrini.

Ila sisi hatukufundishwa usalama na kompyuta. Tulifundishwa na simu ya hela. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na kwa wazazi wetu wengi ile namba ya siri ya tarakimu nne ndiyo paswedi ya kwanza maishani. Waliipokeaje? Mama anampa mtoto simu amtolee hela. Mzee anamtajia wakala namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Kumficha ndugu yako namba ya siri kulionekana ni kumwona mwizi. Sisi tumekulia humo. Ndiyo maana hata leo mshkaji akikwambia "nipe akaunti yako nikupandishie level" unampa, maana ukikataa unaonekana una roho mbaya.

Halafu zikaja simu janja za bei poa. Free Fire ikatoka 2017, PUBG Mobile 2018, Call of Duty Mobile 2019. Magemu haya yanakuruhusu kuanza kama mgeni, bila imeili wala nini. Unagusa, unacheza. Tamu sana, ila akaunti ya mgeni inaning'inia kwenye simu yako tu. Simu ikiibiwa, ikifutwa au ikifa, na akaunti imezikwa.

Mwaka 2019, kuanzia tarehe 1 Mei, serikali ikaleta usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Foleni za kipindi kile mnazikumbuka. Wengi ambao vitambulisho vyao havikuwa tayari wakatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la kaka, shangazi au rafiki. Tukaona tumemaliza. Kumbe tulikuwa tumempa mtu mwingine ufunguo wa kila akaunti inayotuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo.

Dogo wa Katandala, jina kapuni

Kuna dogo mmoja wa Katandala, jina nalihifadhi, ila wacheza Free Fire wa mjini watamjua. Mkali kinoma. Watoto wa shule walikuwa wanamlipa soda awafundishe kulenga. Jina lake la kwenye gemu lilikuwa maarufu mpaka kwa wachezaji wa Mbeya na Tunduma.

Simu yake aliinunua dukani, na muuza simu akamfanyia wema wa kawaida wa mjini: akamfungulia akaunti ya Google palepale, akaweka paswedi yake mwenyewe, akamkabidhi simu ikiwa tayari. Dogo hakuuliza. Nani anauliza? Baadaye akaunganisha gemu na hiyo Google, akaona yupo salama.

Msimu wa mvua simu ikaingia maji. Fundi akaifufua, ila ikabidi ifutwe yote. Ikawaka, ikauliza: ingiza akaunti ya Google iliyokuwepo kwanza. Anakumbuka jina nusu, paswedi hajawahi kuijua hata siku moja. Akarudi dukani, fremu imeshachukuliwa na muuza nguo. Namba ya simu iliyowekwa kwa ajili ya kurejesha ilikuwa ya yule muuzaji, na haipatikani.

Gemu lilikwenda. Lakini siku naongea naye hakulia gemu. Kwenye ile Google kulikuwa na picha za mama yake, ambaye alifariki mwaka mmoja kabla. Hazikuwa sehemu nyingine yoyote. Aliniambia, "Kaka, level nitapandisha tena."

Nimeandika makala hii yote kwa sababu ya hiyo sentensi. Huyu dogo hakudukuliwa na Mrusi. Hakurogwa. Kigoda kilikuwa cha mtu mwingine tangu siku ya kwanza.

Sasa fanya hivi

Kwanza, akaunti ya Google ifungue wewe, kwa mikono yako. Hata kama umenunua simu ikiwa na akaunti tayari, itoe, weka yako. Hiyo imeili ndiyo Milansi yenyewe. Mwenye imeili ndiye mwenye gemu, Facebook, TikTok na kila kitu kilichounganishwa nayo. Paswedi yake isifanane na ya kitu kingine chochote.

Pili, hakikisha laini ni yako. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika. Kama laini unayotumia ni ya shangazi, basi ujue akaunti zako ni za shangazi. Na laini ukiiacha muda mrefu bila kuitumia inaweza kufungwa na namba akapewa mtu mwingine, kwa hiyo ukibadili namba, badilisha na kwenye akaunti siku hiyohiyo.

Tatu, paswedi iwe ndefu kuliko kuwa ngumu. Maneno manne au matano yasiyohusiana yanamshinda mwizi kuliko jina lako na mwaka wa kuzaliwa. Changanya Kiswahili na Kifipa ukitaka, mfano migebuka, tanuru, baridi, pazia na neno la bibi yako. Huo ni mfano, usiutumie kama ulivyo. Kuandika paswedi kwenye daftari linalokaa nyumbani sio dhambi. Kuituma kwa meseji ndiyo dhambi.

Nne, jina la mchezaji lisitoe siri. Lisiwe na namba ya simu, mwaka wa kuzaliwa wala jina la shule. Jina ni la kuonekana na watu wote, kwa hiyo kama linafanana na imeili yako umeshampa mwizi nusu ya kazi. Jiite Mchawi wa Rukwa, jiite Radi ya Kalambo, tamba na mji wako, ila usijianike.

Tano, toka kwenye ugeni. Fungua mipangilio ya gemu leo, unganisha akaunti na imeili yako. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye Google na kwenye gemu kama wanao. Zile namba za akiba wanazokupa, ziandike kwenye karatasi, sio kwenye simu ileile unayoogopa kuibiwa. Watengenezaji wenyewe wanajua tunaipuuza hii kitu, ndiyo maana mwaka 2018 Fortnite walitoa dansi ya bure kwa kila aliyewasha.

Sita, almasi za bure hazipo. Linki inayokutaka uingize paswedi upate almasi ni mgeni anayeomba kigoda. Na akaunti za kununua mtaani ni balaa, kwa sababu aliyekuuzia bado anaweza kuirudisha kwa kutumia imeili ya mwanzo. Ukicheza kwenye simu au kompyuta ya mtu, hakikisha umetoka kabisa kabla hujainuka.

Saba, tunza ushahidi wa chanzo. Si nilikwambia ukishike kile kipande cha Milansi? Piga picha ya skrini yenye namba ya mchezaji wako. Hifadhi meseji za malipo ulipoweka hela kwenye gemu. Andika tarehe uliyoanza na simu uliyotumia. Ukiporwa, watu wa huduma ya gemu hawatakuuliza ulikuwa mkali kiasi gani. Watakuuliza una nini cha kuonyesha kwamba ulikuwa wa kwanza.

Na ukishaporwa, usianze kuposti. Anza na imeili: badilisha paswedi, ondoa vifaa vyote usivyovijua, ndipo uende kwenye gemu. Namba za matapeli zipeleke 15040 kwa meseji, ni bure. Kama kuna hela imeondoka, nenda polisi na ushahidi wako, kwa sababu tangu 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa hata kama mwizi ni binamu yako.

La mwisho

Tupeane ruhusa ya kukatalia paswedi bila kununiana. Mpenzi, rafiki, kaka, hata mama. Yule mke wa mtawala wa Milansi hakuwa mbaya, alikuwa mkarimu tu, na ukarimu wetu watu wa Ufipa unajulikana. Mgeni mpe maji, mpe ugali na migebuka, mpe na sehemu ya kulala. Kigoda mwambie mwenyewe hayupo.

Haya, kabla hujalala leo angalia simu yako: ile Google iliyopo humo aliifungua nani? Niambie hapo chini, na paswedi usiiandike.